Kitabu Kilichojua Mwisho wa Elimu Yake

Wake wawili wa mume mmoja wakiingia dukani pamoja, muuza nguo hushusha shuka mbili za rangi moja kabla hajaulizwa, ili kuepusha ugomvi. Ndivyo alivyofanya Mwarabu mmoja mzee wa soko la Garissa siku tuliyoingia kwake mimi na mke mwenzangu, mume wetu akitufuata nyuma na kibuyu cha samli begani.

"Hatukuja kwa nguo, ami," nikamwambia. "Tunataka kitabu cha magonjwa. Cha kukaa nyumbani, mtu akiumwa tukiangalie."

Mzee akazitazama shuka zake, kisha akatutazama sisi. "Kitabu kimoja?"

"Kimoja."

"Mtakigawaje?"

"Yeye atasoma, mimi nitaugua," akajibu mke mwenzangu, naye akawa wa kwanza kucheka.

Alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Kicheko kile hakikunidanganya, kwa kuwa nilijua kilichomleta sokoni kwa miguu yake mwenyewe katika jua la namna ile.

Ulikuwa wakati wa vita ambavyo wengi huviita vya shifta, yaani wapiganaji wa porini. Sikusudii kueleza hapa nani alikuwa na haki na nani alidhulumu. Mwenyezi Mungu ndiye Hakimu, na wengi katika waliohusika wameshasimama mbele Yake. Nitasema tu tulivyoishi. Serikali ilitukusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na waya, na sisi tukapangiwa kimoja kilichokuwa mbali kidogo na mji, mahali ambapo ukitoka baada ya sala ya alfajiri unafika sokoni jua likiwa limeanza kuuma. Mchana tuliweza kutoka kwa kibali, kuteka maji au kuuza samli. Jua likikaribia kuzama lango lilifungwa. Baada ya hapo chochote kilichotembea nje ya uzio kilihesabiwa kuwa adui, awe mtu au mbuzi.

Hospitali ilikuwa mjini, upande wa pili wa lango hilo.

Mimba ya kwanza ya mke mwenzangu ilikuwa imemkuta porini, kabla hatujaingizwa kijijini. Katika miezi ya mwisho uso wake ulivimba, na pete ikakataa kutoka kidoleni. Akalalamika kichwa, akasema anaona cheche mbele ya macho. Tulimsomea, tukamfukizia ubani, tukamlaza kivulini. Siku ya tatu akaanguka, akatetemeka mwili mzima na kujiuma ulimi. Yeye alirudi kwetu kwa rehema ya Mungu. Mtoto alizaliwa akiwa ameshakufa, mvulana, mwenye nywele nyingi.

Kwa hiyo alipojua kuwa ana mimba tena, hakumwambia mume kwanza. Aliniambia mimi, tukiwa tunasuka mkeka.

"Abaayo, wewe unasoma," akasema, akiniita dada kwa Kisomali chetu. "Mtu anayesoma hawezi kujua kabla?"

"Kujua nini?"

"Kujua leo ni siku ya kungoja au ni siku ya kukimbia."

Niliwaza maneno hayo kwa muda mrefu. Hakutaka dawa, wala hakutaka kuambiwa kwamba atapona. Alitaka kujua saa ya kwenda langoni, kwa sababu lango lile halikufunguliwa kwa kila aliyesema anaumwa, na aliyelia bure leo hakusikilizwa kesho.

Kusoma kwangu nilikupata kwa baba yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mwalimu wa Qur'an aliyetafuta elimu mpaka Lamu, akarudi na vitabu na lugha ya Kiswahili. Alinifundisha juu ya ubao wa mbao kama alivyowafundisha ndugu zangu wanaume, na waliomwuliza msichana atafanya nini na elimu aliwajibu kwamba hata yeye hajui, ila Aliyeiumba ndiye ajuaye. Herufi za Kizungu nilijifunza baadaye mjini, kwa mke wa mwalimu mmoja kutoka pwani. Mimi niliwasomesha binti zake juzuu, naye akanionyesha herufi zile. Hatukudaiana kitu.

Mwarabu alituwekea mezani vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha Kiarabu, kinene, cha jalada la ngozi lenye nakshi ya dhahabu, na mume wetu alipokiona alinyoosha kanzu yake kana kwamba ameletewa mgeni mkubwa. Cha pili kilikuwa cha Kiingereza, chenye picha za rangi za maini na mapafu. Cha tatu kilikuwa cha Kiswahili, chembamba, jalada lake ni karatasi, kimeshapauka upande uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani.

Kwetu mgeni akifika kisimani haulizwi kwanza anataka nini. Anaulizwa nasaba yake, baba baada ya baba, na anayeuliza humwuliza hasa pale ambapo yeye mwenyewe analijua jibu. Akisema kweli katika unalolijua, unaweza kumwamini katika usilolijua. Baba alituambia kuwa wanachuoni wa hadithi nao waliwapima wapokezi kwa njia inayofanana na hiyo. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akikiuliza kitabu nasaba, lakini sikuona kwa nini kisiulizwe.

"Tukiulize surua," nikasema. Hakuna mwanamke wa kaskazini asiyeijua surua. Tumewalea nayo wadogo zetu, na wengine tumewazika.

Kitabu cha Kiarabu kilikuwa na lugha tamu sana. Kilisifu asali na habasoda, na mimi ninaziamini zote mbili mpaka leo. Lakini kuhusu surua kilisema tu kwamba ni joto la damu, kikaendelea kusifu asali. Hakikusema mtoto anaanzaje kuwa nayo.

Cha Kiingereza hatukuweza kukisoma. Mwarabu alikijua kidogo, akaeleza kwamba magonjwa yamepangwa humo kwa majina, kwa kufuata herufi, na kila ugonjwa una ukurasa wake.

Mke mwenzangu akauliza, "Kwa hiyo mimi nije na jina ya ugonjwa mkononi?"

"Ndiyo. Ukijua jina, unalipata mara moja."

"Kitabu hii ni kama askari ya lango. Inataka kitambulisho kwanza." Kiswahili chake alikiokota sokoni na hakukionea haya. "Mzee, kama ningejua jina, ningekuja kwako kutafuta nini?"

Mume wetu akageuza uso ili asicheke mbele ya mwenye duka.

Nikafungua cha Kiswahili. Kilikuwa kimepangwa kwa mambo anayoyahisi mgonjwa: kichwa kinauma, mtoto anahara, macho mekundu, kuvimba. Nikaenda kwenye macho mekundu. Kilisema kwamba mtoto akiwa na homa, kikohozi na macho mekundu yanayochukia mwanga, achunguzwe kama ni surua, na kwamba vipele huanza nyuma ya masikio, kisha usoni, kisha vikashuka mwilini. Nilisoma kwa Kiswahili, nikawafasiria kwa Kisomali.

"Nyuma ya masikio," mke mwenzangu akarudia, polepole. Alishika sikio lake mwenyewe. "Aliyeandika hii amemshika mtoto mgonjwa. Huyu ni wa kwetu."

Lakini mbele kidogo kilisema mtoto wa surua apewe maji kila anapotaka, na kwetu wazee waliwanyima maji watoto wa surua wakiogopa vipele visirudi ndani.

"Hapo kimekosea," akasema mume wetu, naye alionekana kufarijika kupata kosa.

"Labda," nikasema. "Au labda hapo ndipo kinapotufaa."

Mke mwenzangu hakuwa akitusikiliza. Aliegemea meza kwa viganja vyote viwili. "Sasa kiulize yangu," akasema.

Nilitafuta chini ya kuvimba. Kulikuwa na kuvimba miguu, ambako kilisema ni jambo la kawaida kwa mwenye mimba akisimama sana. Halafu kulikuwa na kifungu kifupi peke yake. Mwenye mimba akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa sana, akaona giza au cheche, huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba. Nilifasiri kila neno, na nilipofika kwenye cheche alinishika mkono. Kisha kifungu kikaisha kwa maneno machache sana: kwamba hakuna dawa ya nyumbani kwa jambo hilo, kwamba mwandishi haijui na hamjui aijuaye, na kwamba mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile, hata akijisikia nafuu.

Mwarabu ndiye aliyezungumza kwanza, kwa huruma ya mfanyabiashara. "Binti yangu, kitabu gani hiki kinachosema hakijui? Chukua hiki cha Kiarabu. Kina dawa ya kila kitu."

"Ndiyo sababu, ami," nikamwambia.

Baba yangu alikuwa akiulizwa mas'ala mbele za watu, na mara nyingi alijibu, "Sijui," akanyamaza. Tukiwa wadogo tulimwonea aibu. Alituambia kwamba neno hilo ni nusu ya elimu, na kwamba mtu asiyelitamka kabisa, mwogope. Nilisimama pale dukani na kitabu cha karatasi mkononi nikihisi kama nimemsikia baba akikohoa chumba cha pili.

Mume wetu alitaka cha dhahabu. Alikuwa mtu wa heshima zake, na kijijini walimwita mkwe wa mwanachuoni. "Watu wataniuliza," akasema, "binti wa shekhe ameletewa kitabu cha lugha ya maaskari?"

"Waambie mkeo ndiye aliyekichagua."

"Yupi?"

"Wote wawili."

"Hapo hawataniuliza tena," akasema, akamkabidhi Mwarabu samli.

Tulipofika nyumbani alifanya jambo ambalo alilifanya kwa nia njema kabisa. Alikifunga kitabu kwa kitambaa safi, akakitundika juu kwenye mwamba wa hema, ubavuni mwa msahafu. Kwetu kilichoandikwa ni kitu cha kuheshimiwa, na hatukuwahi kuwa na kitabu ambacho si cha dini. Matokeo yake hakuna aliyekigusa bila udhu. Jirani alikuja mbio na mtoto anayetapika, akakaa nje akitafuta maji ya kutawadha kwanza, na maji yenyewe yalikuwa ya kupimwa kwa kikombe. Nikakishusha siku hiyohiyo. Nilimwambia mume wangu kuwa hiki ni kitabu cha matapishi na majipu, na mahali pake ni kapuni karibu na mlango.

Bibi mmoja mzee alikuja akaomba ukurasa wa tumbo uoshwe kwa maji ayanywe, kama tunavyoosha aya zilizoandikwa kwa wino wa mkaa juu ya ubao. Nikamweleza kwamba wino huu hautoki, na ungetoka ungemwongezea tumbo.

"Kitabu kisichonyweka ni cha nini?" akauliza, akaondoka ameudhika. Baadaye alirudi, akakubali kusomewa tu.

Basi kikaanza kufanya kazi. Wanawake walikuja baada ya alasiri, wakasema wanachohisi, nami nikatafuta. Mara nyingi kilisema ngoja, na tukangoja. Mara chache kilisema nenda, na wakaenda mchana, lango likiwa wazi. Nilijivuna, sikatai. Nilikuwa nikimwomba Mungu msamaha kwa kujivuna kisha kesho yake najivuna tena. Kijiji chote kile cha miiba, ambamo tulihesabiwa kila asubuhi kama mifugo, kilikuwa na mahali pamoja ambapo mtu aliulizwa, "Unahisi nini?" na akasikilizwa mpaka mwisho.

Mke mwenzangu alikuja kila asubuhi baada ya sala, akaninyooshea mkono. Nilizungusha pete yake. Ikizunguka, alikwenda zake kukamua mbuzi. Watu walidhani tunafanya uchawi wa wake wenza.

Mwezi wa nane wa mimba yake, asubuhi moja, pete ilizunguka kwa shida. Alasiri haikuzunguka. Nilipomtazama usoni niliona macho yamekuwa madogo.

"Kichwa?" nikamwuliza.

"Tangu adhuhuri."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kiwe ni jua." Akapangusa uso. "Na cheche zipo, abaayo. Kama mkaa ukipulizwa."

Mume wetu alikuwa ametoka na kibali kufuata mbuzi wa watu mtoni, hatukuwa na wa kumngoja. Nilichukua kitabu, nikamshika mkono, tukaenda langoni. Jua lilikuwa limeanza kushuka na askari walikuwa wakiburuta miiba ya kufungia njia.

Koplo aliyesimamia lango alikuwa kijana wa bara, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. "Mama, tunafunga," akasema. "Kesho asubuhi."

"Afande, huyu hawezi kungoja kesho."

"Kila siku hamwezi kungoja. Juzi mgonjwa wenu alikuwa amebeba sukari ya shifta chini ya nguo."

"Hata mimi nimebeba kitu chini ya nguo," akasema mke mwenzangu, akiwa amefumba macho kwa maumivu. "Piga hodi, utasikia inajibu."

Askari mmoja akacheka. Koplo hakucheka, lakini aliiacha miiba. Nikamfungulia kitabu kwenye kifungu kile, nikakishika mbele yake.

Alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Akamtazama mke mwenzangu usoni, akarudi kwenye maandishi. Akaomba aone mikono. Aliitazama pete iliyozama katika nyama ya kidole, kisha akasoma tena, safari hii kwa sauti, mpaka kwenye siku ileile.

"Nani ameandika hii?"

"Simjui. Lakini mengine aliyoyasema tumeyakuta kweli."

"Mama, nikifungua na ikawa uongo, ni mimi nitafungwa."

"Najua," nikamwambia. "Sitaki ufungwe. Una mama yako." Nilisema kwa upole, maana alikuwa mtoto wa mtu aliyeletwa mbali na kwao, na hofu yake ilikuwa ya kweli kama yetu. "Mimi sikuapii lolote. Soma mwenyewe, mtazame mwenyewe, uamue."

Aliinua kidole kutoka kwenye karatasi. Halafu akageuka, akamwita dereva wa lori la mapipa ya maji, akamwambia awashe gari, na yeye mwenyewe akapanda mbele na bunduki yake ili tusisimamishwe njiani.

Mjini walimpokea. Muuguzi alimpima, akaita daktari kabla hajamaliza kuandika. Walimweka chumba chenye giza, wakampa dawa ya kutuliza na ya kushusha presha ya damu, na daktari alisema, kwa Kiswahili chake kizito, kwamba tungefika asubuhi angekuwa anazungumza na mjane wa kiume. Nilikaa chini ya ukuta nikisoma nilichokihifadhi tangu utotoni. Aliumwa sana. Lakini hakuanguka, hakujiuma ulimi, na siku chache baadaye alizaa msichana mdogo sana, anayelia kwa hasira kama aliyeonewa sokoni.

Tulirudi kijijini naye akiwa mgongoni mwa mama yake. Mke mwenzangu alikataa kushikwa mkono. Alipita langoni kwa miguu yake, taratibu, kichwa juu, wanawake wamejipanga ndani wakipiga vigelegele, na ninaweza kusema kwamba katika maisha yangu marefu sijaona malkia akiingia mjini kwake kwa fahari kubwa kuliko ile.

Siku ya saba mume wetu alichinja mbuzi, wazee wakakaa, wakangoja jina. Kwetu jina la mtoto hutolewa na baba au na wazee wa baba. Mke mwenza halitoi. Mke mwenza hukaa kando na kupika, na watu humtazama kuona kama chumvi imezidi.

Mke mwenzangu alitoka hemani na mtoto, akampita mume wetu, akawapita wazee, akaja jikoni nilipokuwa, akaniwekea mtoto juu ya mapaja.

"Mpe jina," akasema.

Mzee mmoja akakohoa. Mume wetu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akawageukia wazee, akawaambia, "Mmesikia. Tunangoja."

Mikono yangu ilikuwa na unga. Niliipangusa kwa nguo, nikamsogeza mtoto karibu, nikamsomea sikioni, kisha nikamwita kwa jina la mama yangu. Mke mwenzangu alilitamka mara ya kwanza kwa sauti ndogo, kana kwamba analionja. Mara ya pili alilitamka kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali malishoni, mpaka askari wa langoni wakageuka.